Mwaka wa Tiyo ya Shaba

Jumamosi iliyopita tulimzika Papa Ilunga, aliyekuwa shefu wa maabara ya kemia katika institi, chuo kidogo cha hapa Likasi, mahali ambapo mimi nimeosha vyombo karibu maisha yangu yote ya kazi. Kilio kilikuwa kwake, chini ya turubai la bluu lililofungwa kwenye ukuta na kwenye mti wa avoka. Wanafunzi wake wa zamani walikuja, wengine kutoka Lubumbashi, wengine Kolwezi, wamevaa mashati meupe kama walivyovaa zamani siku za mtihani. Mmoja wao, Trésor, ambaye siku hizi ni mkubwa kiwandani, alisimama kutoa ushuhuda. Alisema mengi juu ya marehemu, na yote niliyoyajua mimi yalikuwa ya kweli. Halafu akanyoosha mkono kule tulikokaa wanawake. "Munaona ule mama? Ule Bea? Sisi ba-licencié wote tulishindwa kuona kosa. Yeye mwenye kuosha chupa njo aliona. Yeye njo aliokoa mémoire ya Nadège." Watu wakageuka kuniangalia, wengine wakasema amina. Nikainamisha kichwa kama mtu mnyenyekevu. Lakini haukuwa unyenyekevu. Nilijua kwamba haikuwa vile, na nilipaswa kusimama kusema, nami sikusimama. Kwa hiyo naandika.

Sijui kama naweza kuandika jambo refu. Shule niliacha mwaka wa pili wa sekondari, na kemia nimeisikia tu kwa masikio nikiwa na mikono ndani ya maji. Lakini tangu usichana nina tabia ya kuandika kila jioni mistari mitatu minne katika daftari, nilichofanya na kilichosemwa, na daftari za mwaka ule ninazo. Mahali ambapo daftari halisemi nitasema kwamba ninakumbuka tu, na mtu asiniamini sana.

Wanafunzi wa licence mwaka ule walikuwa wanne. Walikuwa wamemaliza graduat, masomo ya kwanza ya chuo, wakabaki miaka miwili zaidi, na mwaka wa mwisho kila mmoja alikuwa na kitu chake cha kuchunguza na kuandikia kitabu, hiyo mémoire. Nitasema juu ya wawili tu, Nadège na Trésor, kwa sababu jambo hili ni lao. Wale wengine wawili walikuwa wazuri pia, na mmoja alinisaidia kubeba maji kuliko wote. Maabara yenyewe ilikuwa chumba kimoja kirefu, zamani stoo ya mifuko, madirisha yake yako juu sana hata mwanga uliingia kama unateremka ngazi. Upande mmoja kulikuwa na meza ya vigae vyeupe, upande mwingine sinki langu, na katikati ile mashine ya kupima rangi, iliyofunikwa kitambaa kama chombo cha ibada. Nyuma ya kabati walikuwa wanakula. Haikuruhusiwa, na jiko la umeme la maabara halikuruhusiwa kupikia bukari, ugali wetu, lakini saa sita Papa Ilunga alikuwa anatoka kwenda kuangalia kama kuna barua. Kwa miaka yote niliyomjua, saa ile ile, mtu yule alikuwa anakwenda kuangalia barua. Wao wakasonga bukari, mimi nikaleta sombe, majani ya muhogo, au samaki ndogo kutoka nyumbani, na tukala kwa sahani mbili wote, tukizungumza juu ya asidi na juu ya ndoa za watu. Nadège alikuwa anakula haraka na kusema polepole. Trésor kinyume chake.

Kazi ya Nadège ilikuwa visima. Alikuwa anakaa katika mtaa ulio chini ya vilima vya udongo wa kiwanda, na huko watu walikuwa wanakunywa maji ya visima walivyochimba wenyewe uani. Alichagua visima saba. Mwezi wa kumi, kabla mvua haijaanza, alipima akakuta shaba nyingi katika visima vitano. Hakungoja kuandika kitabu. Alizunguka nyumba kwa nyumba akawaambia wasinywe maji yale, wafulie tu, ya kunywa wakachote kwenye bomba la parokia, ambalo si karibu. Walimsikiliza, kwa sababu alikuwa mtoto wa mtaa na alikuwa anasema polepole.

Mwezi wa kumi na moja mtambo wetu wa maji safi ukavunjika. Ni chombo cha kuchemsha maji, mvuke unapita katika mrija uliojizungusha, unapoa, unadondoka matone ndani ya beseni, na maji hayo hayana kitu ndani yake tena. Bila hayo kemia haiendi. Maji ya hapa yana chokaa nyingi, nadhani kwa sababu ya mawe yale yale wanayochimba Kakontwe, na chokaa ilikuwa imeula mrija wetu wa kioo mpaka ukapasuka. Papa Ilunga akaandika barua Lubumbashi kuomba mwingine. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Wanafunzi wakakaa mikono mitupu. Daftari langu linasema: "Nadège amelia kidogo nyuma ya kabati. Trésor amefanya mzaha, haukumsaidia."

Sasa nitaandika ambacho sikusema kwa mtu. Nyuma ya uwanja wetu alikuwa anakaa Mama Kasongo, na Mama Kasongo alikuwa anapika lutuku. Kwa wasioijua, ni pombe kali ya mahindi na muhogo, inachemshwa na mvuke wake unapitishwa katika mrija uliojizungusha ndani ya pipa la maji baridi. Yaani ni mtambo wetu ule ule, wa uani. Mimi nilikuwa mtu wa kanisa, niliimba katika kwaya, na pasta wetu alikuwa amehubiri juu ya mama huyo bila kumtaja jina, hata watoto wakajua ni nani. Hata hivyo nilikwenda. Nilikuta ana tiyo ya zamani, mrija kama wetu, iliyoning'inia ukutani, nyekundu, imejizungusha vizuri sana. Nilimwambia ni ya nini. Alicheka mpaka akakaa chini. "Bea, unapeleka tiyo yangu kwa ba-professeur? Basi na minye banipatie diplôme." Halafu akaifuta kwa kanga yake, akanipa. Niliifunga mgongoni ndani ya kitenge, kama mtoto, ili watu wa kanisa wasione, na nikapita njia ya nyuma.

Nilichemsha maji na siki nikaisafisha, nikaifunga penye mtambo kwa waya na mpira. Ilifanya kazi tangu siku ya kwanza. Papa Ilunga alipoingia akasimama mbele yake, mikono nyuma, akaangalia matone. "Bea, uko na akili," akasema mbele ya wote. "Minye nangoja Lubumbashi, weye unaleta tu." Aliniuliza nimeitoa wapi, nikasema sokoni, kwa wauza vyuma. Nilifurahi siku tatu. Leo mtu anaweza kuuliza: watu wa kemia wanne na shefu wao, hawakuona kwamba tiyo ni ya shaba? Nimejiuliza hivyo mara nyingi. Nadhani hapa kwetu shaba haionekani. Sufuria ni shaba, bangili ni shaba, wezi wanaiba shaba, mafundi wanaunga bomba kwa shaba, hata jimbo letu liliwahi kuitwa Shaba. Mtu akivunjikiwa na kitu, kinachokuja mkononi kwanza ni hicho. Sisi wote tulikuwa tunapita mbele ya ile tiyo kila siku kama vile mtu anavyopita mbele ya ukuta wa nyumba yake.

Mvua ikaja. Mwezi wa kwanza Nadège akachota tena visima vyake saba, akapima, na shaba ilikuwa imekwisha, karibu hakuna. Ilikuwa furaha kubwa. Papa Ilunga akasema ni jambo zuri la kuandika: mvua inaosha visima, kiangazi kinavichafua. Nadège akazunguka tena mtaani akawaambia watu wanaweza kunywa mpaka kiangazi kirudi. Walimpa kuku. Tulimla nyuma ya kabati, na siku ile Papa Ilunga alisahau kwenda kuangalia barua.

Kulikuwa na kitu kimoja mimi nilikuwa nakiona na wao hawakioni, lakini sikujua nakiona. Chini ya tiyo, ndani ya beseni jeupe, pale matone yanapodondokea, kila wiki palikuwa panaota alama, rangi ya jani bichi, inaelekea bluu. Mimi ni mtu wa usafi. Kila Jumamosi nilikuwa naisugua kwa limau na majivu mpaka beseni linang'aa, na Jumatatu wao wanakuta jeupe. Katika daftari imeandikwa mara tisa, zile nilizokumbuka kuandika: "Nimesugua beseni." Mara ya nne niliongeza: "Rangi ya majani tena. Inatoka wapi?" Halafu sikuuliza mtu, kwa sababu nilidhani swali la mwenye kuosha vyombo ni la kuosha vyombo.

Mwezi wa tatu, asubuhi moja, nilikuwa napiga deki. Nadège alikuwa amekinga maji ya mvua katika ndoo ya plastiki, ayapime tu kwa kulinganisha. Mashine ikampa hesabu chini ya zero. Akarudia, ikawa vile vile. Akakaa akiiangalia.

"Kintu ikiwa haiko, haiko," akasema. "Sasa itakosa zaidi ya kukosa namna gani?"

Trésor akasema labda mvua ya Likasi haileti kitu, inakuja kulomba tu, kama mwombaji. Walicheka. Papa Ilunga akasema mashine imezeeka kama yeye, waiache ipoe. Hakusema kwa uvivu, nataka hilo lijulikane. Mashine ile kweli ilikuwa inawadanganya mara nyingine.

Lakini neno lile la Nadège lilibaki nami. Nilikuwa nimemsikia mara mia akieleza jinsi wanavyoanza: wanaipa mashine kwanza maji yetu safi na dawa yake, wanaiambia hii ndiyo zero, anzia hapa. Mimi mama yangu mdogo alikuwa anauza mihogo, na nilijua mizani ya sokoni. Ukianza kupima na jiwe limekaa upande wa mawe bila mtu kuliona, mihogo ya mteja itaonekana myepesi, na asiyeleta kitu ataonekana anadaiwa. Nikasimama na tambara la deki mkononi. Nikaangalia beseni, halafu tone, halafu juu ya tone.

Sikusema siku ile. Naandika hivi kwa sababu Trésor alisema niliona na nikaokoa. Niliona Jumanne na nilisema Ijumaa. Siku tatu hizo nilijihesabia mambo: nitafukuzwa, watauliza tiyo imetoka wapi, na jibu litafika kanisani, na labda sijui lolote, nitachekwa. Usiku sikuandika kitu, daftari lina kurasa nyeupe. Siku tatu hizo watu wa mtaa ule walikunywa maji, na mimi nilikuwa najua au karibu najua. Kilichonisukuma hakikuwa wema mkubwa. Ijumaa Nadège alikuja na kichupa cha maji ya kunywa, akanipa ninywe, akasema ni ya kisima cha kwao, tamu kuliko ya bomba. Nilikiweka kando ya sinki bila kunywa.

Nilikwenda mpaka meza ya Papa Ilunga, Nadège akiwa pale pale. "Papa, ile tiyo ni ya shaba. Minye njo niliweka. Maji yenu ya zero iko na shaba ndani, tangu mwezi wa kumi na moja." Nikaweka daftari wazi mbele yake, pale niliposugua mara tisa.

Alisoma zote tisa, kidole kikifuata mistari, pamoja na makosa yangu ya maandishi. Nadège alikuwa amekwisha kufika kwenye mtambo. Akatia maji ya beseni katika bilauri, akadondoshea dawa ya amonia, akaishika mbele ya karatasi nyeupe. Bluu ilikuwa hafifu sana, kama shati lililofuliwa mara nyingi. Lakini ilikuwapo. Kwa wiki mbili hivi hakusema neno kwangu, isipokuwa moja nitakalolisema.

Papa Ilunga aliifungua ile tiyo mwenyewe. Akaishika mikononi, akaipeleka puani, akaiweka chini. "Nilikuona unaifunga, Bea," akasema. "Kila siku nilipita hapa. Nilikusifu mbele ya bantu. Minye njo docteur, si weye." Halafu akachukua kitabu kikubwa cha maabara akaandika kwa kalamu nyekundu, na akanisomea, kwa sababu ilikuwa Kifaransa: kwamba kosa ni la shefu wa maabara, kwamba aliruhusu mrija wa shaba, ulionunuliwa sokoni, na kwamba vipimo vyote vya tangu tarehe ile vifutwe. Jina langu aliliweka mara moja tu, mwishoni: aliyegundua ni fulani. Mimi nilisema, Papa, si kweli yote. Akasema: "Osha vyombo."

Lile neno la Nadège lilikuwa: "Twende." Kesho yake alikuwa anakwenda mtaani kuwaambia watu waache maji tena, na alitaka niwe naye. Tulikwenda kwa miguu tangu asubuhi. Katika nyumba ya tatu mama mmoja alikuwa anamwogesha mtoto katika karai. Alimsikiliza Nadège mpaka mwisho bila kuinua macho. "Muko bantu ya namna gani? Mwezi ya kumi maji mubaya, mwezi ya kwanza maji muzuri, leo mubaya." Nadège akasema kosa ni lake. Nikasema hapana, mama, kosa ni langu. Tukaanza kushindana pale penye karai, kila mmoja akivuta kosa upande wake, mpaka mama yule akainua macho. "Hiyo mutajipanga kwenu," akasema. "Minye muniambie tu mutoto wangu atakunywa nini."

Tulichukua ndoo zake mbili tukaenda parokia tukamchotea. Halafu nyumba ya nne, ya tano. Nadhani tulikwenda bombani mara sita siku ile, na mikono ilikuwa inatuuma hata hatukuweza kushika kijiko jioni. Kuna jambo ambalo sikuwahi kujua na sitajua: kama kuna aliyeumia kwa miezi ile miwili ya maji. Nadège aliniambia miaka baadaye kwamba kipimo hakikuwa cha kuua. Namwamini. Lakini nimebaki nalijua jina la yule mtoto wa karai, na kila nikisikia anaendelea vizuri nafurahi kuliko inavyostahili.

Nadège alipima yote upya kwa maji safi yaliyoletwa kutoka Lubumbashi ndani ya madumu. Hakuwahi kipindi cha kwanza cha kutetea, mwezi wa saba. Alitetea kitabu chake kipindi cha pili, mwezi wa kumi, na nafasi ya kubaki msaidizi wa institi ikawa imekwisha kupewa Trésor. Sisemi Trésor aliiba, aliistahili naye. Lakini nafasi ile ilikuwa ya Nadège kabla ya tiyo yangu, na yeye akaenda kufundisha sekondari Kakanda miaka saba kabla hajarudi kusoma. Hiyo nayo ni sehemu ya kuokoa kulikosemwa kwenye kilio. Siku ya kutetea alivaa koti la kuazima, akasimama wima, akawaambia waamuzi kwanza kabisa, kabla hawajauliza: "Vipimo vyangu vya mvua vya kwanza vilikuwa vya uongo, na nitawaonyesha jinsi tulivyojua." Akawaonyesha picha ya beseni. Nilikuwa nimekaa nyuma, na aprani yangu. Sijawahi kuona mtu akisimama juu ya kosa vizuri namna ile. Tangu siku ile nimejua pia namna ya kusimama, ingawa, kama mlivyoona Jumamosi, sikumbuki kila mara.

Baada ya ushuhuda wa Trésor, walipoanza kugawa bukari, Nadège alikuja akakaa kwenye mkeka wangu. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe mbele. Nilimwambia: Nadège, kabla hujarudi Lubumbashi kuna kitu cha kukuambia. Ile tiyo haikutoka sokoni.

Aliendelea kumega bukari. "Najua," akasema. "Ilitoka kwa mama mwenye lutuku. Papa Ilunga aliisikia harufu, akanipa nami nisikie. Mahindi kabisa, hata na siki yako." Akasema siku ile ile, nilipokwenda kuosha vyombo, Papa Ilunga aliwaita wote wanne akawaambia: huyu binti ana kanisa na ana kazi; mimi nimeandika sokoni, na kwenu pia ni sokoni. Na wote wanne wakasema sokoni, miaka yote hii, hata Trésor na mdomo wake.

Nilitazama upande wa nyumba, mlango wa chumba cha marehemu umefungwa kitambaa cheusi. Mtu yule alifundisha vijana miaka thelathini kwamba ndani ya kitabu cha maabara hakiandikwi ila kilichotokea. Ndani ya kitabu chake kizima, kwa ninavyomjua, kuna neno moja la uongo, na ni langu. Sasa Mama Kasongo amekufa, pasta yule amekufa, na Papa Ilunga tumemzika. Basi nalirekebisha, kwa kalamu ya kawaida, sina nyekundu: tiyo haikununuliwa. Ilitoka kwa Mama Kasongo, nyuma ya uwanja wetu, aliitoa kwa kucheka, nami niliibeba mgongoni ndani ya kitenge mpaka maabara.